Ubao Kati ya Meno

6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na paa limeacha kuvuja. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Pacha nao wanakusalimu kwa kelele zao, ingawa wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu ambaye kelele hizo hazimsumbui. Najua utacheka ukisoma hapo, ndiyo maana nimeandika.

Umezoea kupata barua yangu nikiwa na shida, na leo pia ninayo, ila ni shida ya kujitakia. Nataka kutengeneza gitaa. Usinielewe vibaya, sijasema kununua. Nataka kulitengeneza mwenyewe hapa nyumbani, katika kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka mapipa ya maji. Saluni unaijua: mteja akichelewa, mimi na gitaa langu. Lakini lile la zamani shingo imepinda na nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Nimelipeleka kwa mafundi wawili, wote wamelitazama kama wanatazama maiti.

Juzi nilikwenda duka la vifaa. Muuzaji pale ana mdomo, Shangazi! Kanionyesha msumeno wa mkanda, mashine ya msasa, mashine ya kuchimba mifereji na keekee ya umeme, akaniambia bila hivyo nitaota mvi kabla gitaa halijapata nyuzi. Natoka pale, nakutana na fundi samani wa mtaani kwetu, naye ananiambia niachane na mambo ya waya, ninunue randa na patasi nishukuru Mungu. Sasa nimebaki nimesimama katikati kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Wewe ulikaa kiwanda cha magitaa mpaka watu wakakuita Randa na jina lako halisi wakalisahau. Ningekupigia simu kama simu ingekufaa. Niandikie, nianze na kipi?

Mwanao,
Kinyozi

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, paa lipo, vyote vinavuja. Msalimie mkwe wangu na hao wapiga kelele, waambie bibi yao anawapenda kwa sababu hiyo hiyo uliyoandika.

Nimefurahi, nikasema niseme hilo mapema kabla sijaanza kukugombeza. Muuzaji hajakudanganya na fundi samani hajakudanganya. Kila mmoja amekushauri kwa tumbo lake. Wewe nijibu hili: bwana harusi akikaa kwenye kiti chako, nywele unaanza na mashine, sawa. Ukifika shingoni na kwenye pembe za ndevu unamalizia na nini? Basi umejijibu. Mashine inaondoa kingi kwa haraka, na haijui kusimama. Mkono unajua.

Nunua randa mbili, ya kati na ile ndogo inayokaa kiganjani. Patasi tatu zinatosha, lakini ziwe za chuma kizuri, na jiwe la kunolea liwe bora kuliko patasi zenyewe, maana patasi butu ndiyo inayokata watu. Nunua msumeno mwembamba wa mkono, tupa, na kipande cha chuma cha kukwangulia, kile bapa kama kadi. Vibano nunua vingi mpaka mkeo alalamike, kisha ongeza viwili. Bomba la kupindia mbavu za gitaa, zile mbao za pembeni, mwambie mchomeleaji akutengenezee, linapashwa moto kwa ndani na ubao uliolowa unaupinda juu yake polepole. Ukitaka sana kitu cha umeme, chukua keekee. Hiyo haina kiburi.

Sasa nisikilize. Watu wote watakuambia linda vidole. Mimi nakuambia linda masikio. Kazi yangu kiwandani ilikuwa moja, kupunguza unene wa uso wa gitaa, ule ubao wa mbele unaotoa sauti. Nilikaa na mashine ile kwenye chumba kisicho na dirisha, na hakuna aliyetupa viziba masikio wala aliyeviulizia. Kwanza ilikuwa mlio wa mbu. Halafu mbu akakaa moja kwa moja. Halafu siku moja nikaona midomo ya wenzangu inacheza nikadhani wananifanyia mzaha. Wakati huo uso wa gitaa ulikuwa bado unapita mikononi mwangu, kwa hiyo nikatafuta njia nyingine: nauma ukingo wa ubao kwa meno ya mbele, nagonga katikati kwa kifundo cha kidole. Mtetemo unapanda kwenye taya mpaka kichwani. Si kusikia kama kwenu, lakini naujua ubao mzuri na naujua ubao mfu. Msimamizi alipogundua sisikii nilikuwa nimeshafanya hivyo miaka, na mbao zangu hazikurudishwa.

Kwa hiyo viziba masikio vije kabla ya mashine. Umenisikia? Mmoja wetu lazima asikie.

Shangazi yako,
Randa

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Goti je? Mke wangu kakufungia dawa ya kuchua, imo ndani ya kifurushi hiki. Sote wazima.

Nimenunua ulivyosema. Nimenunua pia mashine ya msasa. Usikunje uso, nimeshalipia kiburi changu: uso wa kwanza niliupitishia mashine nikiwa naongea na mke wangu mlangoni, nikageuka nikakuta naona kivuli cha mkono wangu kupitia ubao. Ukawa karatasi. Mke wangu kasema tuutumie kama ungo. Wa pili nimeufanya kwa randa, usiku naota maranda. Mabega yananiuma mahali ambapo sikujua kuna bega.

Tatizo ni kwamba sijui nisimame wapi. Vitabu havisemi, fundi samani hajui, na mimi nikigonga nasikia "do", nikigonga tena nasikia "do" ile ile. Kwa hiyo nimekutumia ubao wenyewe kwa basi. Umo kati ya makaratasi ya boksi. Ung'ate, Shangazi. Uniandikie kwa penseli juu yake nipunguze wapi, kisha uurudishe. Kingo zitakatwa baadaye, kwa hiyo uma bila huruma.

Mwanao,
Kinyozi

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika na imenichoma mpaka nimesahau goti, mwambie mkwe wangu ahsante.

Ubao wako nimeufungua nikanusa kwanza. Nilikuwa sijashika uso wa gitaa tangu nistaafu. Nilikaa nao mapajani muda mrefu kabla sijauma, nikaona aibu kidogo, mtu mzima anapakata ubao kama mtoto. Halafu nikauma, nikagonga, na Mungu wangu, ukaongea. Ni mnene, una usingizi, lakini si mfu. Umechagua mti mzuri au umebahatika.

Nilipochora duara punguza kwa ile randa ndogo. Nilipochora mstari usiguse. Ukimaliza, urudishe tena niung'ate. Msasa wa mashine uweke mbali kabisa, ufunike kwa kanga.

Nikuambie na hili, usije ukalisikia kwa mama jirani muuza maziwa, maana yeye akilieleza litakuwa msiba. Meno yangu ya mbele ya chini yamelegea na ufizi unatoa usaha. Nimekwenda kwa daktari wa meno, kijana mpole, kaniandikia kila kitu kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama anaandikia chekechea. Anataka kung'oa yote ya mbele, juu na chini, kwa sababu hakuna litakaloshika. Nikamwandikia: na nikishang'oa, nitasikilizia nini? Hakuelewa. Nikampigia gitaa hewani, nikauma hewa, akadhani nimechanganyikiwa. Nimemwambia asubiri gitaa la mwanangu liishe. Kanipa vidonge.

Shangazi yako,
Randa

30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari kwa mazoea, nauliza kweli: hali yako ikoje? Homa? Unakula?

Ubao umefika. Nimeona penseli yako, na nimeona pia alama za meno. Mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima, najua taya la mtu likiwa na maumivu linavyokaa. Umeuma kwa upande wa kushoto tu, tena kwa kujiiba. Mbele hakuna alama hata moja.

Jana nilivaa viziba masikio, juu yake nikafunga kitambaa, nikauma ubao nikagonga. Nilitaka kujua unachokijua. Shangazi, nilishtuka. Uliingia kichwani mzima! Nikajaribu kuuegesha kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kifuani. Unafika, lakini umefifia, kama mtu anaongea chumba cha pili. Kwa hiyo nimekuelewa unachogombania. Nimekuelewa, na bado nakuomba uende ukang'oe. Nitakwenda mbio nimalize. Nitatumia mashine ile kwa papi za ndani, zile fito za kuimarisha uso, angalau niokoe wiki mbili. Lakini usinisubiri mimi. Gitaa ni gitaa tu.

Nimekutumia ubao umeshapunguzwa. Huu uwe wa mwisho kuuma.

Mwanao,
Kinyozi

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Shavu limevimba kidogo, naonekana nimenenepa upande mmoja. Nakula uji. Homa inakuja na kuondoka, haina adabu lakini haikai.

Gitaa si gitaa tu, na wewe usiseme hivyo tena. Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu, si kwa sababu ni siri, ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Nyuso zilizopita mikononi mwangu siwezi kuzihesabu. Kutoka kwangu zilikwenda chumba cha gundi, kisha cha rangi, kisha ng'ambo ya ua ndiko zilikofungwa nyuzi. Sisi wa mashine hatukuruhusiwa kuvuka ua. Nilisema nitasubiri nistaafu ninunue moja, nijue niliyoyafanya yanaliaje. Masikio hayakusubiri. Mwanangu, sijawahi kusikia hata gitaa moja nililolifanya. Hata moja. Nimekuwa kama mama anayejifungua na mtoto anachukuliwa mlango wa nyuma.

Sasa hili lako liko mikononi mwangu tangu ubao. Nataka lifungwe nyuzi, uje nalo, niume ukingo wa kichwa chake nawe upige. Mara moja inatosha. Baada ya hapo huyo kijana aje na koleo lake ang'oe mpaka ulimi akitaka.

Kuhusu papi, usithubutu kuzigusa kwa mashine. Papi zinapunguzwa kwa patasi na kidole gumba, na subira. Ukiharakisha kwa sababu yangu utanipa gitaa bubu, na bubu na kiziwi tutaongea nini?

Uso umekuwa mzuri. Umebaki unene kidogo karibu na daraja, pale nyuzi zitakapofungwa, nimechora. Urudishe ukishabandika papi, kabla hujafunga mgongo. Nitauma mara moja tu hapo.

Shangazi yako,
Randa

15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako saluni nikashindwa kumalizia kichwa cha mteja. Nilimwambia nywele zimeniingia machoni.

Pamoja na hayo yote, sitakutumia ubao. Nimemwonyesha barua yako mteja wangu mmoja, nesi, nikamtajia uvimbe na homa. Alikuwa anacheka, akaacha hapo hapo. Kasema usaha wa meno ya chini hushuka kooni na mtu hufa kwa kukosa pumzi, akiwa na akili zake timamu. Ubao nimeufungia kabatini na papi ziko pembeni hazijabandikwa. Sitashika gundi mpaka uniandikie kwamba umeng'oa. Nikasirikie. Nisimulie vibaya kwa ukoo mzima. Bora nikutengenezee gitaa usilolisikia kuliko nililete kwenye matanga yako.

Mwanao anayekupenda,
Kinyozi

22 Aprili

Shikamoo yako sijaiitikia.

Mdomo ni wangu. Ubao ni wako, kaa nao.

Randa

19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeruhusiwa kutoka hospitali juzi, mama jirani amenipigia. Kasema unakunywa supu na humsemeshi mtu. Najua ulikuwa umeamka nilipokuja wodini mara ya mwisho, kope zilikuwa zinacheza. Nilikaa kidogo nikaondoka ili uweze kufumbua macho.

Nakuandikia yaliyotokea, kwa sababu wewe hukuwepo ingawa ulikuwepo. Mama jirani alinipigia alfajiri kwamba hukufungua mlango alipoleta maziwa, na alipoingia akakukuta umekaa kitandani mate yanakutoka, hata maji huyamezi. Nilipofika hospitali ulikuwa unawaka moto na ulikuwa unaniita kwa jina la marehemu baba, unaniambia niache kuchezea mashine. Shingo yote ilikuwa imejaa. Daktari, yule kijana wako, akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye ndugu aliyekuwepo. Alisema lazima apasue atoe usaha na ang'oe. Alisema pia kwamba mawili ya juu angeweza kuyajaribu, labda yangebaki, labda yangerudisha ugonjwa. Nilijua ni mawili gani. Nilijua unayafanyia nini. Nikasema asijaribu, ang'oe yote.

Hiyo "yote" ni yangu, si ya daktari. Sitaki umchukie kijana wa watu. Nilikuogopea, nikachagua wewe uwe hai, na sikukuuliza. Ningekuuliza vipi? Lakini sikukuuliza.

Papi nilianza kuzibandika wiki ile ile, naenda na kurudi hospitali, mikono haina akili. Nilikuwa nahitaji kushika kitu.

Niandikie, hata mstari wa matusi.

Mwanao,
Kinyozi

30 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nimeona nisikuchoshe kwa maswali. Mama jirani ananipa habari zako, anasema umerudi kutembea hadi kwenye duka la kona. Tumefurahi sana. Mkweo amekufungia sukari na shuka.

Gitaa limekwisha. Nimelifunga nyuzi Jumamosi. Shangazi, ungejua! Sauti yake ni tamu kama asali, inajaza nyumba nzima, wateja wamesimama barabarani wakauliza ni redio gani. Nyuzi nene zinanguruma, nyembamba zinalia kama kengele. Ni kazi yako ile, uso wako. Jivunie.

Nitalileta ukinikubalia kuja.

Mwanao,
Kinyozi

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia hii na zile zote za nyuma nilizoziacha zikining'inia. Ufizi umepona. Nimejitazama kwenye kioo, namwona mama yangu mzazi alivyokuwa mwishoni. Shuka ni nzuri.

Wodini nilifumba macho makusudi, na nilikuwa na haki. Nilipoamka nilipitisha ulimi nikakuta ukuta. Nilijua mara moja ni wewe, kwa sababu daktari yule muoga asingethubutu. Usiku uleule niliuma ukingo wa kitanda cha chuma kwa ufizi, nikaugonga, nikaona aibu na wagonjwa wenzangu wananitazama. Hakikuja kitu. Maumivu tu. Basi, nikajua imekwisha. Sikukushukuru na bado sijakushukuru, ingawa kila asubuhi nikimeza uji najua ni wewe. Yote mawili ni kweli, yavumilie kama ninavyoyavumilia.

Nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa nakaribia kukuandikia. Ndipo ikaja barua yako ya asali.

Asali! Kengele! Kinyozi aliyeshika randa Februari, aliyebandika papi mikono haina akili kwa maneno yake mwenyewe, leo gitaa lake linasimamisha watu barabarani. Umeona sina tena njia ya kukagua ndiyo ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulivyoniamulia nikiwa na homa nimekusamehe, ulikuwa na hofu. Hili ulilifanya umekaa mezani, kalamu mkononi, unanionea huruma. Hilo limeniuma kuliko koleo.

Meno yangu hayakuwahi kunidanganya. Ubao mbaya yaliniambia mbaya. Sasa sina meno, sina masikio, nina wewe. Ukinidanganya na wewe nimebaki gizani kabisa, mwanangu. Keti chini ulipige, uniandikie linavyolia. Uzi kwa uzi. Ukiandika tamu nitaichana.

Shangazi yako,
Randa

16 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nililia nikisoma, mke wangu akaondoka na pacha ili nipate nafasi.

Nimefunga saluni leo. Niko chumba cha nyuma, gitaa lipo mapajani, naandika huku napiga. Huu ndio ukweli.

Si gitaa baya, lakini si lile la barua. Nyuzi mbili nyembamba ni safi, kali kidogo, zinasikika hadi mlangoni na kuishia hapo. Nikizipiga taratibu zinapendeza. Nikizipiga kwa nguvu zinakuwa na makelele ya bati. Uzi wa tatu uko sawa, sina la kuulaumu. Wa sita na wa tano, zile nene, sauti ipo lakini iko ndani, kama mtu anaongea amejifunika blanketi. Nasogeza sikio karibu na tundu naisikia inazunguka humo, haitoki. Nilidhani ni mimi, jana nikampa mteja mmoja apige, ikawa vilevile.

Wa nne ndio unaoninyima raha. Ukiwa wazi unalia vizuri. Ukiubana shingoni, mahali pa pili kutoka kichwani, unaanza kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, mtu anageuka kutazama, halafu inakatika ghafla. Haififii, inakatika, kama mtu aliyefungua mdomo kusema jambo zito akasahau. Nimejaribu mara nyingi. Nimebadilisha uzi. Bado. Nikibana mahali pa tatu haifanyi hivyo. Kila wimbo ninaoujua unapita hapo, na kila nikifika naogopa.

Nikiweka kiganja juu ya uso, upande wa nyuzi nyembamba unatikisika kila mahali. Upande wa nyuzi nene, kuna sehemu nyuma kidogo ya daraja, ukubwa wa kiganja cha mtoto, imetulia kimya hata nikipiga kwa nguvu.

Sijaongeza wala kupunguza.

Mwanao,
Kinyozi

24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, na goti leo limenisahau. Salimia wote.

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Huo uzi wa nne umenikera mpaka nimeacha uji ukaungua. Unaanza vizuri hivyo, kwa nini unakatika! Nimeshinda nao kutwa.

Legeza nyuzi zote, usizitoe. Ingiza mkono kwenye tundu upapase mahali pale palipotulia. Utakuta papi moja imebaki pana na ncha zake hazikuchongwa kushuka. Ninajua ni ile uliyobandika siku zile za kwenda na kurudi hospitali kwangu. Chukua patasi ndogo, inoe upya kwanza, na uikwangue ile ncha ya nje kidogo sana. Usione haya kufanya kazi usiyoiona, vidole vinatosha. Kaza nyuzi, piga wa nne mahali pa pili, sikiliza. Ukikatika bado, legeza tena, kwangua tena. Zile nene zikianza kutoka chini ya blanketi, simama hapo hapo, hata kama mkono unataka kuendelea.

Usiniletee kwanza. Niandikie kila ukikwangua, umesikia nini.

Shangazi yako,
Randa